Nyuki Tunawapigia Mbiu, Dawa Tunainyamazia

Kama uko jikoni unasonga ugali, endelea tu, ila redio isogeze karibu. Na kama ndiyo kwanza umetoka shambani na bomba la dawa bado liko mgongoni, nakuomba ulitue, uvue hiyo nguo, uoge kwa sabuni, ndipo uje ukae. Leo nazungumza na wewe hasa.

Nina mambo mawili. La kwanza ni dawa za kuulia wadudu mashambani: mtu akidhurika, nani aambiwe, na aambiwe nini? La pili ni nyuki wanaovamia watu, wale wa darini, wa shuleni, wa kwenye mbuyu wa njia panda. Utaniuliza, haya mawili yanahusiana vipi? Vuta subira. Kuna mahali yanakutana, na hapo yanapokutana ndipo paliponinyima usingizi.

Nianze na daftari.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja mkoani Iringa, huku bondeni. Wanaosafiri kwa barabara kuu ya kutoka Morogoro wanayajua maeneo hayo. Unapita mibuyu, unapita vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, unapanda Kitonga basi likihema, ukifika Ilula unapokewa na matenga ya nyanya. Nyanya ndiyo maisha ya watu wengi huko. Nyanya imejenga nyumba za bati, nyanya imelipa ada.

Nilikuwa nimekaa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, nikaomba kuliona daftari lake la matukio. Lilikuwa daftari kubwa la kaunta, jalada jeusi, mgongo umeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Nikaanza kulifunua. Ng'ombe wameingia shambani kwa mtu. Pampu ya maji imeibwa. Ugomvi wa mpaka. Halafu nyuki. Nyuki walikuwa ukurasa baada ya ukurasa. Nyuki wamevamia msibani, watu wametawanyika. Nyuki wameua mbuzi wawili, walikuwa wamefungwa kamba. Nyuki darasa la tatu, watoto wameruhusiwa kwenda nyumbani.

Nikatafuta dawa. Nilifunua mbele, nikafunua nyuma. Sikukuta hata mstari mmoja wa mtu aliyedhurika na dawa. Na muda huo huo, kupitia dirisha la ofisi ile, harufu ya dawa iliyokuwa ikipigwa kwenye nyanya jirani ilikuwa inatuingia puani mimi na mtendaji.

Nikamuuliza: "Mtendaji, huku hakuna anayeumizwa na dawa?"

Akanyamaza kidogo, akasema: "Wapo, wengi tu. Ila hilo mtu haji kuliandikisha. Anakunywa maziwa, analala, kesho anarudi shambani."

Ndugu msikilizaji, swali hili nalirudisha kwako. Mara ya mwisho umesikia mtu kijijini kwako amekwenda kwa mtendaji kusema, "Jana dawa imeniingia mwilini, naomba iandikwe," ilikuwa lini?

Nadhani sehemu ya tatizo iko kwenye jina lenyewe. Tunaita dawa. Mama anampa mtoto dawa ya kikohozi, baba anapiga dawa kwenye nyanya, babu anameza dawa ya presha. Neno ni moja. Wataalamu wanatuambia tuseme viuatilifu, na ni neno zuri, lakini nenda dukani kwa mwenye pembejeo ukaombe kiuatilifu uone atakavyokutazama. Kwa hiyo jioni hii nitasema dawa kama mnavyosema wenyewe. Ila ninakuomba, kila nikisema dawa, wewe sikia sumu.

Na huyu mdudu wa nyanya, si mnamwita kantangaze? Mdudu tumempa jina la kutangazwa nchi nzima. Aliyelazwa kwa sababu ya dawa ya mdudu huyo, yeye hatangazwi na mtu.

Sasa nikupe habari ya mama mmoja. Sitamtaja jina. Ni kibarua, anapiga dawa kwenye mashamba ya watu kwa malipo ya siku. Nilikaa naye jikoni kwake, anachambua maharage, ananisimulia kwa sauti ya chini kana kwamba alifanya kosa.

Siku hiyo bomba alilopewa lilikuwa linavuja kwenye maungio. Maji ya dawa yakawa yanatiririka mgongoni, yakalowesha gauni, yakalowesha na kanga aliyojifunga kiunoni. Ilikuwa saa nne asubuhi. Angefanya nini? Angeshusha bomba, angepoteza siku. Akaendelea mpaka saa tisa. Alipomaliza akaifungua kanga ile ile, akambeba nayo mwanawe mgongoni, wakarudi nyumbani.

Jioni kichwa kikaanza kumgonga. Mate yakawa yanamjaa mdomoni, anatema hayaishi. Jasho, na baridi ilikuwepo. Tumbo likamkata, akatapika, na akawa anaona kama kuna ukungu. Akaenda zahanati. Alipoulizwa anaumwa nini akasema, "Kichwa na kutapika." Hakusema kuhusu shamba wala dawa. Akapimwa malaria, haikuonekana, akapewa vidonge vya tumbo akarudi nyumbani.

Usiku mtoto naye akalegea, mate yanamtoka. Wifi yake ndiye aliyestuka. Wifi alikwenda mpaka shambani na tochi, akaitafuta chupa ya dawa pale pembeni ya mfereji walipochanganyia, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, wakapanda bodaboda mpaka hospitali. Daktari aliisoma lebo, akammulika mama yule machoni, mboni zimesinyaa kama tundu la sindano. Akajua ni dawa za jamii gani. Ipo sindano ya kutuliza sumu ya jamii hiyo, inaitwa atropini, lakini haichomwi kwa kubahatisha. Mama na mtoto walipona.

Msikilizaji, chupa ile ingekuwa imetupwa mtoni, sijui leo ningekuwa nakusimulia nini.

Basi tuzishike dalili, maana zinafanana sana na za malaria, za taifodi, hata za mafua. Baada ya kupiga dawa, au baada ya kupita shamba lililopigwa, ukiona kichwa kinauma, macho yanatoka machozi au yanaona ukungu, mate yanajaa, jasho jingi, tumbo linakata, kutapika, kuharisha, misuli inachezacheza, pumzi inakuwa nzito, usiseme ni uchovu. Kwanza vua nguo zote zilizolowa. Pili oga kwa sabuni na maji mengi, na nywele pia. Kama dawa imeingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka, tena usiharakishe kuacha. Kama mtu ameimeza, usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, kwa sababu ikirudi inaweza kuingia kwenye mapafu. Na maziwa, ndugu zangu, maziwa ni chakula. Hayafuti sumu. Usikae nyumbani unakunywa maziwa huku muda unakwenda.

Halafu nenda kituo cha afya na chupa. Narudia: nenda na chupa. Ifunge vizuri ndani ya mfuko usije ukamlowesha dereva wa bodaboda. Kama chupa huwezi kuibeba, piga picha ya lebo kwa simu. Na ukifika, neno la kwanza kumwambia mganga liwe hili: "Nilikuwa shamba la dawa." Usimwache akisie.

Na hapa kuna shida nyingine tunayojitengenezea wenyewe. Dawa nyingi tunanunua kwa kupimiwa. Muuzaji anamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa, bei inakuwa nafuu, na lebo inabaki dukani. Ile lebo ndiyo yenye jina la sumu, ndiyo yenye namba ya usajili, ndiyo yenye ule utepe wa rangi chini: nyekundu ni kali kabisa, njano inafuata, halafu bluu, halafu kijani. Hata kijani si maji ya kunywa. Ukinunua dawa kwenye chupa ya maji, umeinunua bila jina. Daktari atatibu nini?

Sasa, kwa nini watu hawaripoti? Nimeuliza wengi. Yule mama kibarua aliniambia, "Nikisema, kesho bomba anapewa mwingine." Kijana mmoja mwenye shamba akasema jirani ndiye aliyepiga dawa upepo ukiwa unavuma kuelekea kwake, lakini jirani huyo ni baba yake mdogo, atamshitakije? Wengine hawajui pa kwenda. Na lipo jingine zito, ambalo hatulisemi hadharani. Mtu akifika hospitali na sumu ya shambani mwilini, watu wanaanza kunong'ona kwamba alitaka kujitoa uhai. Anaogopa kuulizwa, anaogopa polisi, anaogopa macho ya watu. Mtu aliyevujiwa na bomba akiwa kazini anajificha kama mkosaji. Na hata yule aliyeinywa kwa kukata tamaa, naye ni mgonjwa, anahitaji daktari na mtu wa kumsikiliza, hahitaji minong'ono yetu.

Haya siyasemi mimi peke yangu. Mwaka 2014 watafiti wa Tanzania, akina Elikana Lekei na Aiwerasia Ngowi, pamoja na mwenzao Leslie London wa Afrika Kusini, walichapisha utafiti wao kuhusu wakulima wa vijiji vya hapa nchini. Karibu wote walioulizwa walisema wamewahi kudhurika na dawa. Waliowahi kwenda hospitali kwa sababu hiyo hawakufika hata nusu. Waliobaki waliugulia nyumbani.

Basi nani aambiwe? Mwambie mganga, hilo tumelimaliza. Mwambie bwana shamba au bibi shamba wa kata yako. Mwambie mtendaji, aandike kwenye lile daftari. Kama umeumia ukiwa umeajiriwa, liko suala la OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na uko mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Na juu ya hao wote kwenye mambo ya dawa iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao makuu Arusha. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na ikachukua kazi za ile taasisi tuliyozoea kuiita TPRI. Bwana shamba anajua njia ya kuwafikia, mwombe akuoneshe.

Umwambie nini? Tarehe na saa. Jina la dawa na namba ya usajili. Ilipigwa kwenye zao gani, nani aliyekuwepo, upepo ulikuwa unaelekea wapi, ulijisikiaje na baada ya muda gani. Andika siku ile ile. Kesho utasahau saa, keshokutwa utasahau jina, na dawa isiyo na jina haichunguziki.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Nikiandika, karatasi yangu itafika wapi? Si italiwa na mchwa hapo hapo ofisini?" Nikusimulie habari ya Chad. Huko wakulima wanasumbuliwa na kwelea kwelea kama sisi, na kwelea kwelea hupigwa dawa inayoitwa fenthion. Watu waliokuwa kwenye kazi hiyo wakaugua. Taarifa zao zikaandikwa, zikajazwa kwenye fomu, na nchi yao ikazipeleka kwenye Mkataba wa Rotterdam, mkataba wa mataifa unaohusu biashara ya kemikali hatari. Fomu ile imewekwa mahsusi kwa nchi kama zetu, kwa ajili ya matukio ya mashambani. Ilichukua miaka mingi, mataifa yanavutana mkutano baada ya mkutano. Mwaka 2025 dawa hiyo, katika ule mchanganyiko wake mkali, ikaingizwa kwenye orodha. Sasa nchi inayotaka kuiuza nje ni lazima ifuate kwanza uamuzi wa nchi inayopelekewa. Haijapigwa marufuku dunia nzima, hapana. Lakini mlango umewekewa mlinzi, na aliyeanza ni mtu aliyekubali kueleza alivyougua.

Haya, tuvuke upande wa pili. Nyuki.

Nyuki hatuwanyamazii, na si ajabu, nyuki mwenyewe hajui kunyamaza. Lakini tuelewane kwanza kuhusu aina mbili za matukio ya nyuki, maana watu wanazichanganya. Lipo bumba la nyuki. Unaamka asubuhi unakuta nyuki wamening'inia kwenye tawi la mwembe kama kikapu. Hao wanahama. Wamemfuata malkia wao, matumbo yamejaa asali ya safari, hawana watoto wala masega ya kulinda, wanapumzika huku wapelelezi wao wakitafuta makazi. Mara nyingi siku moja, mbili au tatu, wameondoka. Hao usiwarushie jiwe, usiwamwagie petroli, usiwachomee tairi. Zuia watoto na mifugo, waambie majirani, wapishe.

Wa pili ni wale waliokwisha kuhamia: darini, kwenye ukuta wenye ufa, kwenye choo kilichoachwa, kwenye tundu la mbuyu. Wale wana masega, wana vifaranga, wana mali. Wale watapigana. Na hao ndio wa kuripoti mapema, wakiwa bado wachache. Wakiachwa mwaka mzima, mlio wa mashine ya kusaga au moshi wa jikoni unatosha kuwakasirisha.

Nirudi sasa kwenye lile daftari, maana nilikuahidi mahali ambapo nyuki na dawa vinakutana.

Katika ukurasa mmoja palikuwa na mstari huu: "Nyuki wa darini shuleni wameshughulikiwa." Basi, hakuna zaidi. Nikauliza walishughulikiwaje. Nikaambiwa mzazi mmoja, mtu mwema, mwenye watoto wawili katika shule ile, alijitolea. Jumamosi alipanda na bomba lake, akapuliza dawa ya nyanya darini mpaka mlio ukakatika. Watu wakamshukuru.

Jumatatu watoto wakaingia darasani. Sakafu ilikuwa imejaa nyuki waliokufa, wakawazoa kwa viganja. Juu, masega yalikuwa bado yako, na hakukuwa tena na nyuki wa kuyapepea. Jua la saa tano likapiga bati, nta ikalainika, asali ikaanza kudondoka kupitia kwenye ubao wa dari, tone kwa tone, juu ya dawati la nyuma. Unajua watoto. Walikinga vidole.

Mwalimu aliyenisimulia alinionesha dawati lenyewe. Alama ya asali ilikuwa bado imo kwenye mbao, nyeusi, imeshika vumbi. Watoto saba walitapika siku ile. Walipewa maji, wakapelekwa zahanati, wakapona, nashukuru. Lakini daftarini imeandikwa nyuki wameshughulikiwa. Watoto saba hawamo.

Ndugu msikilizaji, hili ndilo lililonifanya niombe nafasi hii ya jioni. Hofu ya nyuki ilitupeleka kwenye sumu, na sumu ikapita mbele ya macho yetu bila kuandikwa.

Sasa nyuki wakikuvamia, ufanye nini? Kimbia. Kimbia moja kwa moja, funika uso kwa shati au kanga, uingie ndani ya nyumba au gari na ufunge mlango, hata kama wachache wataingia nawe. Usisimame kuwapunga mikono. Usiruke mtoni, wanaweza kukusubiri juu ya maji. Nyuki mmoja akikuuma anaacha mwiba, na pale panatoka harufu kama ya ndizi mbivu. Hiyo ndiyo mbiu yao, inawaita wenzake wapige hapo hapo. Kwa hiyo kaa mbali kwanza, halafu toa miiba haraka, kwa ukucha, kwa kadi, kwa vyovyote, maana kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Kuchelewa ndiko kubaya. Osha kwa sabuni. Mtu aliyeumwa na nyuki wengi, mtoto mdogo, mzee, au yeyote anayevimba midomo na uso, anayebanwa pumzi au kuona kizunguzungu, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu, apelekwe hospitali wakati huo huo. Na kama unaweza kuifikia kamba bila kujihatarisha, mfungue mbuzi. Mbuzi aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Na taarifa unampa nani? Mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji, kisha afisa nyuki wa wilaya. Wengi hatujui kwamba halmashauri zetu zina maafisa nyuki, na kwamba Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, nao wana wataalamu wa nyuki. Ikiwa ni dharura, watu wamezingirwa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114. Narudia, 114. Waeleze nyuki wako wapi, urefu gani kutoka chini, wamekaa muda gani, na kama kuna mtu ameumia. Na kama kuna mtu alishapuliza dawa, useme. Anayekuja kuhamisha nyuki hapaswi kuingiza mikono yake kwenye masega yenye sumu bila kujua.

Lakini nyuki nao ni wahanga, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu tunaowaripoti kama wavamizi ndio wanaotuzalishia tikiti, maboga, matango na alizeti. Ua la tikiti hufunguka asubuhi, likifika mchana limekwisha kujifunga. Nyuki yuko pale saa hizo. Ukipiga dawa saa mbili asubuhi kwenye maua, umempiga fundi wako akiwa kazini. Ukipiga jioni, ameshalala mzingani, dawa inapata usiku mzima wa kukauka. Zipo zinazobaki na ukali kwa siku kadhaa, lebo itakueleza, lakini jioni ni bora kuliko asubuhi mara nyingi.

Mfugaji nyuki atajuaje kwamba mizinga yake imepigwa na dawa? Atakuta chungu ya nyuki mbele ya mlango wa mzinga, wengine bado wanatetemeka, wanazunguka kama walevi, ndimi ziko nje. Akikuta hivyo asifagie! Apige picha. Achukue nyuki waliokufa siku hiyo, kikombe kizima, awaweke kwenye bahasha ya karatasi au chombo safi, aandike tarehe na mahali, awapeleke kwenye friza. Muuza soda hatakataa ukimweleza. Halafu amwite afisa nyuki siku hiyo hiyo, kwa sababu nyuki waliooza hawana ushahidi.

Huko Ujerumani, mwaka 2008, kusini-magharibi mwa nchi katika bonde la mto Rhine, mashine za kupandia mahindi zilirusha vumbi la dawa iliyopakwa kwenye mbegu. Makundi ya nyuki zaidi ya 11,000 yaliathirika. Wafugaji hawakukaa kimya. Nyuki waliokufa walipelekwa maabara, dawa ikatambuliwa kwa jina, na mwezi Mei mwaka huo huo usajili wa dawa za mbegu za aina ile ukasimamishwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2018, Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku dawa tatu za ukoo huo, ikiwamo imidacloprid, kutumika mashambani nje ya nyumba za vioo.

Nimalizie na kule bondeni. Dari la shule halikuzibwa. Harufu ya nta ilibaki, na mvua zilipoanza, nyuki wengine wakaja wakaingia tundu lile lile. Safari hii mwalimu mkuu alimpigia simu mtendaji kabla mtu hajashika bomba. Afisa nyuki akaja na mzee mmoja mfugaji wa pale pale kijijini. Walifanya kazi usiku, kwa moshi mdogo, tochi imefungwa kitambaa chekundu kwa sababu nyuki hawaoni rangi hiyo. Walikata masega yale mapya moja moja, yale yenye vifaranga wakayafunga kwa uzi kwenye fito za mzinga. Masega ya zamani yenye dawa waliyafukia shimoni mbali na maji, na watoto wakaonywa. Alfajiri fundi akaziba tundu kwa saruji. Mzinga ukahamishiwa kwa mzee, upande wa pili wa korongo.

Nilikuwa kwa mzee huyo jioni moja, tumekaa kwenye magogo, kijana wa nyanya akapita na baiskeli, akashuka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Vipi huko?"

"Kantangaze ameingia. Kesho saa kumi na mbili jioni napiga. Nimesema nikwambie."

"Unapiga nini?"

Kijana akatoa mfukoni lebo, ameibandua kwenye chupa na kuikunja mara nne, akampa. Mzee akaisogeza kwenye mwanga, akanipa mimi nimsomee, kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo mno. Nikamsomea jina, nikamsomea namba ya usajili, nikamsomea na ule mstari unaosema ni hatari kwa nyuki. Akaniomba nirudie jina. Akainuka kwenda kuloweka magunia ya kufunikia mizinga, na kijana akaegesha baiskeli kwenye mti ili amsaidie kubeba maji.

Msikilizaji wangu, muda wangu umekwisha. Kama kijijini kwako kuna nyuki wa darini leo hii, au kuna mtu amelala anasema kichwa kinamuuma tangu atoke kupiga dawa, usingoje kipindi kiishe. Mwamshe.